Sifuri Niliyompa Balozi

Kama gazeti la juma lililopita lilifungiwa sukari guru kabla hujamaliza kulisoma, nakukumbusha kwa ufupi.

Mimi ni Kandida, mwalimu wa darasa la tatu, Bagara, hapo Babati. Mwaka ule wa themanini na tatu nilikuwa na miaka thelathini na minane, mjane, mama wa mtoto mmoja, Christina, na nilikuwa nimefaulu mtihani wa watu wazima wa kuingia Chuo Kikuu.

Nilijisomea kwa njia ya posta miaka minne. Nilisoma kwenye foleni ya sabuni, nikasoma kwenye foleni ya sukari, nikasoma nimesimama katikati ya shamba la shule huku watoto themanini wakipalilia mahindi. Asubuhi nilifundisha watoto. Alasiri nilifundisha ngumbaru, wale wazazi waliokuwa hawajui kusoma. Wenzangu walisema nitapata wazimu. Nikawaambia wazimu utanikuta Chuo Kikuu.

Kilichobaki kati yangu na Chuo kilikuwa karatasi moja tu, barua ya tabia njema. Ilianzia kwa balozi wa nyumba kumi, ikapanda tawini, tawi likaipeleka wilayani pamoja na faili lako. Bila barua ya balozi, hata ungefaulu kuliko nchi nzima, ungebaki na chaki yako.

Balozi wangu alikuwa Mzee Teodori. Na juma lililopita niliishia ndani ya ofisi ya tawi, katibu wa tawi, Bwana Shomari, akinisomea barua ya huyo balozi kwa sauti ya chini.

"Mwalimu Kandida haji kwenye kazi za msaragambo. Mwalimu Kandida anakidharau Chama. Mwalimu Kandida anauza sukari ya mgao kwa mlango wa nyuma."

Neno hilo la sukari, msomaji, mwaka ule lilitosha kukulaza ndani. Watu walikuwa wanatupa mali zao ziwani kwa hofu ya kukutwa nazo.

"Si kweli hata moja," nilisema.

"Mimi sijasema ni kweli. Nimesema imeandikwa." Bwana Shomari aliikunja ile karatasi, akanionyesha sehemu ya chini peke yake. "Hii ni siri ya Chama, hukutakiwa hata kuisikia. Lakini sahihi yake hiyo hapo."

Palikuwa na dole gumba la wino wa buluu, lenye kovu la panga katikati.

Nililijua dole lile. Nililifundisha mwenyewe kushika kalamu. Mzee Teodori alikuwa mwanafunzi wangu wa ngumbaru kwa miaka miwili.

"Nifanye nini, Katibu?"

"Balozi ameandika, balozi ndiye wa kufuta. Nipate barua nyingine ya mkono wake isipite Ijumaa tarehe ishirini na sita. Jumamosi mafaili yanaondoka. Kapatane na mzee wako. Lakini ukimwambia nimekusomea hii, mimi na wewe hatujuani."

Nilitoka pale. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Herieli.

Mwalimu Herieli alifundisha darasa la tano. Tulifanya ule mtihani wa Chuo pamoja. Mimi nilichaguliwa, yeye akawekwa kwenye akiba, na mwalimu mkuu alishatuambia kwamba shule itamruhusu mtu mmoja tu. Hakuonyesha kinyongo. Alinipongeza mbele ya walimu wote. Foleni ikinishinda alinishikia nafasi yangu. Juu ya hayo alikuwa katibu wa shina letu, yaani mwandishi wa balozi.

Nilimwambia kila kitu. Akashika kichwa.

"Mzee Teodori? Yule unayempa kitabu chako mwenyewe asome?"

"Huyo huyo."

"Dunia hii! Fadhila za punda ni mateke, Mama Christina."

"Naenda kumuuliza sasa hivi."

"Umuulize nini? Atajua umesomewa siri. Utamponza Katibu, na faili lako litafungwa kabisa. Nyamaza. Mtu kama huyo unamngojea mahali pake."

Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na sitamlaumu mtu.

Alasiri ile nilikwenda kufundisha ngumbaru. Mzee Teodori alikuwa ameketi mbele kama kawaida, kofia juu ya goti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu." Alitabasamu mpaka nikaona pengo lake. "Barua yangu imekusaidia kule tawini?"

Damu ilinipanda. Ananiua, halafu ananiuliza kama nimeumia!

"Imenisaidia sana, Mzee."

"Vizuri. Ile nilitia dole tu, haikunifurahisha. Nyingine nitakuandikia kwa mkono wangu. Utaiona."

Nikaona ananitisha. Niligeukia ubao nikaandika tarehe, na chaki ikavunjika mkononi. Shule nzima ilikuwa na vipande sita vya chaki. Pale pale niliapa kwamba mzee huyu nitamlipa, na nitamlipa hadharani.

Nafasi ilikuja yenyewe. Katibu wa kata alipitisha agizo: mtihani wa kisomo unakuja Jumamosi, na balozi yeyote asiyefikia hatua ya nne apumzike, daftari la shina apewe katibu wake. Kiongozi asiyejua kusoma, alisema, anaongoza kwa masikio ya watu.

Wasimamizi wa mtihani tulikuwa wawili, mimi na Herieli. Wa kusahihisha nilikuwa mimi.

Jumamosi ile walifika watu arobaini na moja. Karatasi hazikuwepo, wakaandika nyuma ya mabango ya kampeni ya kilimo yaliyokatwa vipande. Walisoma habari ya mbegu bora. Walifanya hesabu. Mwisho, na hilo ndilo lililokuwa na alama nyingi, waliambiwa waandike barua fupi kwa kiongozi wao, watie tarehe na sahihi.

Mzee Teodori alisoma vizuri. Pole pole, kidole kwenye mstari, lakini vizuri. Hesabu alikosa moja. Kwenye barua aliinama muda mrefu, ulimi nje, jasho linamtoka. Wenzake walishaondoka, yeye bado. Alipomaliza aliileta kwa mikono miwili.

"Soma mwenyewe, Mwalimu," alisema. "Usimpe mwingine."

Nilipokea bila kumwangalia.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, nilikaa ofisini na lile bunda na kalamu nyekundu. Herieli alikuwa meza ya pili. Karatasi arobaini nilizisoma kwa haki, Mungu ni shahidi, hata ya mama mmoja aliyeandika ukubwa wa nusu ukurasa kwa kila neno. Nikafika ya arobaini na moja. Jina: Teodori Amsi.

Niliandika sifuri. Sifuri kubwa, nyekundu, juu ya karatasi. Nikaizungushia duara.

Herieli aliangalia. "Huisomi?"

"Maneno yake nilishayasoma tawini."

Alicheka kwa pua. "Haki yake. Naye aonje. Mkuki ni kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu."

Tukatia sahihi orodha ya matokeo, mimi juu, yeye chini. Ikaenda kwa katibu wa kata siku ile ile.

Jumapili baada ya misa watu waliitwa kwenye uwanja wa ghala la ushirika. Waluteri nao wakaja, na wafanyabiashara wa sokoni wakaja, kwa sababu kulikuwa na fununu kwamba mgao wa sabuni utatangazwa. Sabuni haikutangazwa. Yalitangazwa matokeo.

"Teodori Amsi," alisoma katibu wa kata. "Kusoma, amefaulu. Hesabu, amefaulu. Barua…" Alisimama, akaisogeza karatasi machoni. "Barua, sifuri."

Mtu mmoja alicheka. Wakacheka wengi. Unajua kicheko cha watu walioitwa kwa ajili ya sabuni wakaikosa, kinatafuta pa kutokea.

"Balozi sifuri!" alipiga kelele mtu nyuma.

Mzee Teodori alisimama. Alikuwa na miaka kama sitini na mitatu, na alikuwa balozi tangu shina lile lianzishwe. Alitoa daftari la shina kwenye mfuko wa koti, limefungwa kwenye nailoni lisiloweshwe na mvua. Akalikung'uta. Akamkabidhi Herieli kwa mikono miwili.

Alipopita mbele yangu alisimama.

"Asante, Mwalimu," alisema.

Nataka niseme ukweli, kwa sababu ndiyo maana naandika hadithi hii. Nilifurahi. Sikufurahi kidogo. Nilirudi nyumbani nikapika ugali wa unga ule wa njano uliokuwa unatuchefua wote, nikaula kama pilau ya Idi. Binti yangu Christina aliniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Leo Mungu amefanya kazi."

Mungu hakuwa na habari. Kazi ile nilikuwa nimeifanya mimi.

Jumatano, saa nne, watoto wako nje, nikasikia hodi mlangoni mwa darasa. Alikuwa Mama Bernadina, mke wa Mzee Teodori, na kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Christina. Sikai. Mzee amenituma. Kwetu ukimaliza kufundishwa, umeweza hujaweza, aliyekufundisha anapewa maziwa. Anasema ameanguka kwa kichwa chake, si kwa mwalimu wake."

Nilikiangalia kile kibuyu nikahisi ananitukana.

"Rudi nayo, mama. Kwa yale aliyoniandikia tawini, aniletee na maziwa?"

"Yapi?"

"Usinifanye mtoto. Ile barua ya tabia."

"Ile?" Mama Bernadina aliweka kibuyu juu ya dawati. "Mbona mimi nilikuwepo! Iliandikwa nyumbani kwangu, juu ya kinu tulichokigeuza. Mzee anasema, Herieli anaandika. Halafu Herieli akatusomea yote. Kwamba kwenye msaragambo unatangulia. Kwamba mgao wako hujawahi kuzidisha. Kwamba umewafungua macho wazee. Mimi nililia, mzee akatia dole."

Nikashika ukingo wa dawati.

"Nani alisoma?"

"Herieli. Nani mwingine? Mimi sijui kusoma, na mzee mwandiko wa haraka bado unamshinda."

"Na aliyeipeleka tawini?"

"Herieli."

Mama Bernadina akaendelea, hana habari kwamba ananichinja.

"Lakini mzee hakulala vizuri na lile dole. Alisema ni aibu, mwalimu amsomeshe miaka miwili halafu amtilie dole. Akasema siku ya mtihani ataandika yake mwenyewe. Juma zima anajizoeza kwa mkaa kwenye ukuta wa zizi. Hujaiona hiyo barua? Aliniambia amekupa mkononi."

Niliwaacha watoto themanini na kengele ikilia. Nilikwenda ofisini nikafungua kabati, nikatoa lile bunda, nikachomoa karatasi ya chini kabisa. Leo nakuandikia yote iliyokuwemo, kwa sababu ninaijua kwa moyo.

"Kwa Katibu wa Tawi. Mimi Teodori Amsi, balozi. Ninaandika kwa mkono wangu. Mwalimu Kandida yuko nyumba ya saba. Kwenye kazi anakuja. Mgao anachukua wa kwake. Mimi nilikuwa sijui kusoma. Yeye amenifundisha miaka miwili. Hakunicheka hata siku moja. Sasa anataka kwenda kusoma na yeye. Aende. Mtu akisema mabaya yake, aje kwangu. Teodori Amsi."

Tarehe ilikuwepo. Sahihi ilikuwepo. Na juu yake, ikiwa imekaa kama jipu, sifuri yangu.

Herieli, najua gazeti hili linakufikia huko uliko. Soma pole pole. Nilikuwa nimemkata mzee asiye na kosa, lakini mpini ulikuwa mkononi mwako. Uliandika matusi ukasoma sifa. Ukanifanya niwe panga lako, kwa pigo moja ukampata balozi na ukanipata mimi, na daftari ukabaki nalo wewe. Nilikupa mpaka chai yangu ya asubuhi, mwaka ambao sukari ilikuwa dawa. Sikukusamehe siku ile, na leo ukiniuliza, sijakaribia.

Lakini kwanza ilinibidi niende kwa mzee.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anakarabati uzio wa zizi. Ukuta ulikuwa kama alivyosema mkewe, mweusi kwa mkaa kuanzia chini mpaka mkono wake ulipofika. Mwalimu Kandida. Mwalimu Kandida. Hakunicheka. Hakunicheka. Aende.

Nilipiga magoti kwenye samadi.

"Inuka, Mwalimu. Watu wataona."

"Waone. Mzee, barua yako ya mtihani sikuisoma."

Aliacha kamba. "Hukuisoma?"

"Sikuisoma. Niliandika alama tu."

"Basi isome sasa."

Nilimsomea nikiwa nimepiga magoti pale pale. Alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo inafuatisha maneno.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote, Mzee."

"Hata pale kwenye tarehe?"

"Hata pale."

Alikaa juu ya jiwe.

"Basi hiyo sifuri," alisema, "ni ya nani?"

"Ni yangu, Mzee. Ni yangu mimi."

Nikamweleza yote, hata siri ya Katibu. Hakunitukana, na ingekuwa heri angenitukana. Aliuliza swali moja tu, kama kweli Herieli aliandika habari ya sukari. Nikasema ndiyo. Akatema mate chini.

"Leo mimi si balozi," alisema. "Nikiandika nyingine haina nguvu. Lakini hiyo niliandika nikiwa balozi, tarehe inasema. Ipeleke."

"Mzee, ina sifuri juu. Wataniuliza. Nitafukuzwa kazi."

"Watakuuliza, utasema. Mimi nilicheka na watu uwanjani? Nilichekwa. Nikarudi nyumbani, sijafa. Ipeleke, na useme ukweli wote. Uniahidi."

"Nakuahidi, Mzee."

Nilimwahidi kwa mikono yote miwili.

Ijumaa tarehe ishirini na sita nilivaa gauni langu la kanisani. Mzee Teodori alikuja na mimi, akasema yeye atakaa nje kwenye benchi, nikimhitaji nimwite. Tulitembea kutoka Bagara mpaka tawini. Pale sokoni mtu mmoja alimwita "Balozi sifuri", na mzee akamwitikia salamu.

Ndani nilimkuta Bwana Shomari. Na kando ya meza, mguu mmoja juu ya mwingine, daftari la shina juu ya paja, Herieli.

"Ooh, Mama Christina!" alisema. "Nimekuja kwa ajili yako. Nilikuwa namwambia Katibu, mimi kama kaimu balozi, niko tayari kuandika barua mpya. Lakini naona muda umekwisha. Itabidi tawi limpeleke wa akiba, shule isipoteze nafasi."

"Wa akiba ni nani?" niliuliza.

Alitazama kucha zake. "Si unajua."

Niliweka ile karatasi mezani. "Katibu, barua ya balozi hii hapa. Mkono wake, sahihi yake, na tarehe aliyokuwa bado balozi. Na ile ya kwanza si maneno yake. Tafadhali itoe, uangalie mwandiko ni wa nani. Alipoisoma mbele ya mzee na mkewe, alisoma mengine."

Miguu ya Herieli ilishuka chini yote miwili.

Bwana Shomari alifungua faili langu. Alitoa ile barua ya kwanza, akaiweka kando ya daftari la shina lililoandikwa na Herieli, akalinganisha mstari kwa mstari. Halafu akachukua ya mzee akaisoma. Aliisoma mara mbili.

"Mwandiko huu wa kwanza ni wako, Mwalimu Herieli."

"Niliandika alichosema mzee."

"Hayo tutayafikia." Aliinua barua ya mzee. "Mimi nimekaa ofisi hii miaka tisa, balozi hajaniletea barua kama hii."

Msomaji, ningenyamaza hapo ningekuwa nimeshinda. Kila usiku wa maisha yangu naikumbuka ile dakika moja ya ushindi. Chuo Kikuu kilikuwa hatua tatu kutoka kwenye mkono wangu.

Bwana Shomari akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Lakini niambieni," alisema. "Barua nzuri hivi imepataje sifuri? Mzee huyu amevuliwa ubalozi kwa sifuri hii. Watu wamemcheka mbele ya mkewe. Nani aliandika hii?"

Nilikuwa na ahadi niliyompa mzee siku mbili tu nyuma. Nilikuwa nayo mdomoni, imekaa tayari. Nikamwangalia Herieli, na Herieli akanitazama, akatabasamu. Alitabasamu, jamani. Alijua nikisema "mimi" ndiyo mwisho wangu, kwa maana mwalimu aliyepora mtihani wa mtu mzima hapewi barua ya tabia njema, anapewa barua ya kufukuzwa. Na wa akiba ataondoka Jumamosi na faili lake chini ya kwapa.

Nikaona moto mbele ya macho yangu.

"Herieli," nilisema. "Ni Herieli aliyeandika."

"Muongo!" Aliruka mpaka daftari likaanguka. "Katibu, muongo huyu! Nilikaa meza ya pili nikamwona kwa macho yangu!"

"Orodha ya matokeo ina sahihi yako," nilimwambia. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. "Na daftari umelipata wewe. Mimi ningepata nini?"

"Katibu, niapishe!"

"Aliyeandika matusi akasoma sifa anaapa kwa nini?" nilisema.

Bwana Shomari alitutazama mmoja mmoja. Niliona neno langu limemwingia. Lilikuwa tamu, lile neno. Nilikuwa namrudishia Herieli kipimo chake mwenyewe, punje kwa punje, na nilitaka alie.

Kisha Katibu akainuka, akaenda dirishani. Dirisha la ofisi ile halikuwa na kioo. Nilikuwa nimesahau.

"Mzee Teodori," aliita, "umesikia?"

"Nimesikia," sauti ilijibu kutoka kwenye benchi.

"Ingia ndani."

Mzee aliingia, kofia mkononi. Alisimama katikati yetu, mimi upande huu, Herieli upande ule. Hakunitazama.

"Mzee wangu," alisema Bwana Shomari, "hapa kuna walimu wawili. Mmoja amekupa sifuri isiyo haki. Wewe umejua ni nani?"

"Ninajua."

"Ulijuaje?"

"Aliniambia mwenyewe."

Herieli alishika meza. Mimi nilishika gauni langu.

"Basi mtaje."

Mzee Teodori aligeuza kofia mkononi. Nje watu wa foleni walikuwa wanagombana kuhusu nani alitangulia. Hapo ndipo aliponitazama, mara moja tu, na sikuweza kuyatazama macho yake.

"Kutaja sitaki," alisema. "Kutaja ni maneno, na maneno ya ofisi hii yamegeuzwa sana. Naomba karatasi, Katibu. Nitaandika kwa mkono wangu."

Bwana Shomari alimpa karatasi na kalamu. Mzee aliinama juu ya meza, akaweka mkono wa kushoto kukinga maandishi yake, kama nilivyomfundisha, mwenzako asiibie. Ulimi ulitoka nje. Aliandika pole pole. Aliandika jina, halafu akaendelea kuandika, mstari wa pili, mstari wa tatu, na mimi nikawa najiuliza jina gani hilo linalohitaji mistari mitatu.

Akatia sahihi. Akamkabidhi Katibu kwa mikono miwili.

Bwana Shomari alisoma. Akavua miwani. Akasoma tena bila miwani, karatasi karibu na uso.

"Herieli," alisema, bila kuinua kichwa. "Funga huo mlango. Na mtu yeyote asitoke."

Itaendelea juma lijalo.